Kidonda Kimeshikwa na Nini?

Sogeeni karibu, wanangu. Nyinyi mlio nyuma acheni kusukumana, nafasi inatosha. Kabla sijaanza, kila mmoja ajitazame mguu, chini ya goti, pale kwenye muundi. Kuna kovu, sivyo? Nilijua. Mtoto aliyekulia Kisangani hakosi kovu la muundi. Wa Mangobo amelipata kwa pedali ya baiskeli ya toleka, wa Lubunga kwa ukingo wa mtumbwi, na wa Wagenia amelipata palepale kwenye maporomoko, kwa jiwe lenye utelezi au kwa zile nguzo kubwa ambazo wazee wao husimika katikati ya maji makali ili kutundika mitego ya samaki.

Leo hadithi haina sungura wala fisi. Ina vidonda viwili.

Tuseme wavulana wawili, rika moja, mtaa mmoja, waliteleza siku moja kwenye jiwe lilelile. Kila mmoja alichubuka muundi, ngozi ikatoka upana wa kifuniko cha chupa ya soda. Wakacheka, wakanawa kwa maji ya mto, wakarudi kuogelea. Baada ya wiki mbili wa kwanza alikuwa amepona, amebakiwa na alama nyororo inayong'aa. Wa pili, mvua zilikuja zikapita, miezi mitatu ikakatika, na kidonda chake kikawa kimepanuka kufikia upana wa kiganja. Kinatoa maji, kinanuka, na shuleni hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja.

Nyumbani, koko yake hakuwa na shaka. "Hiki kidonda kimeshikwa," alisema. "Nani amemtupia mjukuu wangu?"

Maneno hayo mmeyasikia mitaani kwenu, najua. Mimi simcheki koko, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Kidonda kimeshikwa. Ngozi ya mtoto hutaka kufunga yenyewe, bila kubembelezwa. Ikishindwa kufunga, lipo jambo linaloizuia. Tofauti yangu na koko ni kwamba yeye alimtafuta mtu, na sisi leo tutalitafuta hilo jambo. Lakini kwanza tumwangalie yule aliyepona, maana asiyejua kidonda kinavyopona hawezi kujua kimekwamia wapi.

Mwili hujenga kama mafundi wa nyumba ya udongo. Wanakuja makundi kwa makundi, na kundi moja likigoma kuondoka, linalofuata halipati pa kusimama.

Kundi la kwanza huziba. Ndani ya dakika chache vipande vidogo sana vilivyomo kwenye damu, wataalamu huviita chembe sahani, hushikamana mahali palipopasuka, na nyuzi za protini huvifunga pamoja. Damu inaganda, haitiririki tena.

Kundi la pili husafisha. Hizo ni chembe nyeupe za damu. Za mwanzo hufika baada ya saa chache, na nyingine kubwa zaidi hufuata siku ya pili na ya tatu. Humeza bakteria, na humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama iliyokufa. Siku hizo mguu huvimba, hupata joto na kuuma, na watu hudhani mambo yameharibika. Hapana, hiyo ni kelele ya kazi. Hata usaha, kwa sehemu kubwa, ni chembe nyeupe zilizokufa kazini.

Kundi la tatu hujenga. Kuanzia kama siku ya tatu au ya nne, chembe za ujenzi huanza kufuma kolajeni, ile protini inayoipa ngozi nguvu, na mishipa midogo ya damu huchipua ndani yake. Ukichungulia utaona nyama nyekundu yenye vipele vidogo vidogo, yenye unyevu, inayotoka damu ukiigusa tu. Muuguzi akiiona nyama hiyo hufurahi. Kisha chembe za ngozi hutoka pembeni na kutambaa juu ya nyama hiyo nyekundu mpaka zikutane katikati. Shikeni neno hilo, zinatambaa. Haziruki, na haziwezi kutambaa mahali palipokauka. Tutalirudia.

Kundi la mwisho ni la ukarabati, na hilo halina haraka. Hufanya kazi mwaka mzima na zaidi, likipanga upya nyuzi za kolajeni, na hata likimaliza, kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya zamani.

Basi kidonda sugu ni kidonda ambacho kundi la pili limekataa kuondoka. Chembe nyeupe zinaendelea kumwaga vimeng'enya vyao wiki baada ya wiki, na vimeng'enya havijui kuchagua. Nyama iliyokufa ikiisha, vinayeyusha kolajeni changa iliyofumwa jana. Wajenzi wanajenga mchana, usiku kunabomolewa. Bakteria nao wakishapata makao hujifunika kwa utando wa ute wanaoutengeneza wenyewe, na chini ya utando huo dawa hazipenyi vizuri. Kidonda kikipita wiki nne hadi sita bila kuonyesha dalili ya kupungua, wauguzi huanza kukiita sugu, na hapo kazi yao hugeuka kuwa ya upelelezi.

Wanaoweza kukishika kidonda ni wengi, na nitaanza na yule ninayemwogopa kuliko wote, ingawa ndiye mpole kuliko wote. Huyu hana maumivu hata kidogo.

Ukiteremka mto Kongo kutoka Kisangani, kabla hujafika Isangi, utakuta Yakusu, ambako Wabaptisti wa Uingereza walifungua misheni tangu karne ya 19 na baadaye wakajenga hospitali. Mwaka 1936 alifika hapo daktari kijana aitwaye Stanley Browne. Wenyeji walimwita Bonganga, yaani mganga, na alikaa nao mpaka mwaka 1959. Alizunguka vijiji kwa mitumbwi na kwa miguu akitafuta magonjwa ya ngozi, na ukoma ndio uliomshughulisha kuliko yote. Chini ya hospitali ya Yakusu kulikuwa na kijiji cha wagonjwa wa ukoma, Yalisombo, na humo miguu yenye vidonda vya nyayo ilikuwa mingi.

Siku zile, hapa kwetu na duniani kote, watu waliamini kwamba ukoma hula vidole. Kwamba nyama ya mgonjwa inaoza kutoka ndani, kwa hiyo kidonda chake hakiponi kamwe. Aliyeliangusha jambo hilo ni daktari mwingine, Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, kusini mwa India, kuanzia mwaka 1946. Brand alichunguza nyama ya wagonjwa wake akaona ni nyama nzima kama yako na yangu, na ukiiacha ipumzike inapona vizuri tu. Kilichokufa ni neva. Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, yaani mikono, nyayo, masikio na pua, na humo huharibu nyuzi zinazopeleka habari ya maumivu. Mgonjwa hushika sufuria ya moto asijue. Hukanyaga msumari, akatembea nao siku nzima, akaukuta jioni anapovua kiatu.

Jambo moja lilimsumbua Brand. Wagonjwa walilala na vidole vyao, wakaamka kimoja kimepungua. Usiku hakuna anayefanya kazi wala anayepika, sasa kidole kimeenda wapi? Waliweka ulinzi, wakaona panya. Panya walikuja wakati wa usingizi wakatafuna, na mgonjwa hakushtuka kwa sababu hakusikia kitu. Tangu siku hiyo mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alipewa na paka wa kuondoka naye. Mnacheka? Chekeni, lakini mniambie ni dawa gani ya kupaka ingefanya kazi iliyofanywa na paka yule.

Maumivu, wanangu, ndiyo yanayokufanya uchechemee. Ukichubuka kisigino, bila kufikiri utaegemea mguu mwingine siku mbili tatu, na kidonda kinapata mapumziko. Asiyesikia maumivu hachechemei. Anakanyaga palepale penye kidonda, hatua elfu na elfu, na kila hatua inawasaga wale wajenzi pamoja na walichojenga. Kwa hiyo kidonda cha unyayo hata ukikifunga kwa kitambaa cha dhahabu hakitapona kama mwenye nacho anaenda sokoni na kurudi. Dawa yake ni kukiondolea uzito. Brand alifunga mguu mzima kwa plasta ngumu, ile ya mifupa iliyovunjika, ili uzito usambae usikusanyike mahali pamoja, na vidonda vilivyokaa miaka vikaanza kufunga. Baada ya hapo ni viatu vyenye soli laini ndani na ngumu chini, na kila jioni kuzikagua nyayo kwa macho, kwa kuwa macho ndiyo yanayobaki na kazi ya maumivu.

Browne naye, baada ya Yakusu, alikwenda Nigeria kufanya utafiti wa ukoma huko Uzuakoli, na huko alishiriki kuijaribu klofazimini, moja ya dawa tatu zinazotumika leo. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hizo zitumike kwa pamoja, na tangu mwaka 1995 hutolewa bure kwa wagonjwa wa dunia nzima. Ukoma sasa unatibiwa kwa miezi sita au kumi na miwili. Hapa Kongo bado upo, mkoa wetu wa Tshopo ukiwemo, na bahati mbaya dawa huua bakteria lakini haiwezi kuifufua neva iliyokwisha kufa. Ndiyo maana mtu aliyepona ukoma zamani bado anaweza kuwa na kidonda cha unyayo. Haambukizi mtu. Anahitaji kiatu.

Ugonjwa wa kisukari hufanya ujanja uleule kwa watu wazima. Sukari ikizidi kwenye damu miaka mingi, huleta ganzi: neva za miguu huacha kusikia, na juu ya hapo mishipa ya damu huziba. Wengi wa watu wazima wanaokatwa mguu kwa ajili ya kisukari walianza na kidonda kidogo cha mguu ambacho hawakukisikia.

Sasa kuna aliyeshikwa na damu yenyewe. Darasani kwenu pengine yupo mwenzenu mwenye selimundu, huyo ambaye hapa mjini husemwa kwamba ni SS. Chembe zake nyekundu za damu, badala ya kuwa duara na laini, hujikunja zikawa kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Karibu na kifundo cha mguu, ambako damu tayari ina safari ndefu ya kupanda kurudi moyoni, ngozi hukosa hewa ya oksijeni na chakula. Kuanzia umri wa ujana, mkwaruzo mdogo hapo unaweza kuwa kidonda cha miezi, kikapona, kikafumuka tena. Hakuna uchafu wake hapo wala uzembe wa mama yake. Akilala mguu ameuinua juu ya mto wa kulalia, na ukafungwa bandeji kuanzia vidoleni kupanda juu ili maji yaliyojaa mguuni yarudi, anasaidika kuliko kwa pomada nyingi. Lakini mpango wa bandeji yake aufanye daktari, maana mguu wenye mishipa iliyoziba ukikazwa sana hufa.

Vipo pia vidonda vilivyoshikwa na kijidudu maalumu, na hivyo havitaki kitambaa peke yake, vinataka dawa ya kumeza. Buba bado ipo kwenye misitu yetu, na tangu mwaka 2012 dozi moja ya vidonge vya azithromisini inatosha kuitibu. Kuna kidonda cha Buruli, chenye jina la wilaya ya Uganda, ambacho daktari Albert Cook alikwishakiona kwa wagonjwa wake Mengo, Kampala, mwaka 1897. Huku kwetu kimejulikana zaidi upande wa Kongo Central, maeneo ya Songololo na Kimpese. Huanza kama uvimbe mdogo usiouma, kwa kuwa bakteria wake humwaga sumu inayotia ganzi, na kwa muda mrefu tiba ilikuwa kukata tu. Leo ni wiki nane za dawa mbili za kumeza. Ukiona uvimbe usiouma unaokua, usingoje upasuke.

Turudi kwa yule mvulana wetu wa pili, amesimama mlangoni pa kituo cha afya muda wote huu na koko yake.

Muuguzi hakukimbilia kidonda. Aliuliza kwanza.

"Koko, nyumbani mnamwekea nini?"

"Eeh, dokta, tumeweka vyote. Majivu. Dawa ya meno. Unga wa ile kapsuli ya rangi mbili. Halafu tunamkalisha juani kikauke."

"Na anakula nini?"

Koko alinyamaza kidogo. "Tunakula sombe, mwanangu. Samaki siku hizi ni wa kuuza."

Kwenye majibu hayo mawili mna karibu kesi nzima. Kidonda cha mvulana huyu ni kile cha nchi za joto na unyevu, kinachopenda muundi wa watoto na vijana. Huanza kwa mkwaruzo, kisha bakteria wasiopenda hewa, wanaokaa kwenye matope na maji yaliyotuama, huingia na kula nyama kwa kasi mpaka inanuka. Na hupenda kumwingia asiyeshiba. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa wa kivita waliolazimishwa na Wajapani kujenga reli ya kwenda Burma, walaji wa kibakuli cha wali, waliupata ugonjwa huohuo miguuni, na madaktari wafungwa wenzao wakawa wanaukwangua kwa vijiko kwa kukosa vifaa. Huko hakukuwa na koko wala mchawi, kulikuwa na njaa, matope na miguu mitupu. Kolajeni ni protini. Mwili usiopewa samaki, maharage, karanga au viwavi hauna cha kufumia. Sombe, yaani majani ya muhogo, ni chakula kizuri, lakini peke yake haijengi nyama.

Sasa angalieni mikono ya muuguzi. Kitambaa kilichofunika kidonda kimekauka kikagandamana na nyama. Mtu wa haraka angekivuta, na mtoto angepiga kelele mpaka sokoni. Huyu hakivuti. Anachukua maji ya chumvi, gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, anayamimina polepole juu ya kitambaa, halafu anamuuliza mvulana habari za timu yake ya mpira. Dakika zinapita. Kitambaa kinalainika, kinaanza kuelea, anakiinua kwa ncha ya koleo nacho kinakuja bila damu. Kile ambacho kingevutwa pamoja nacho ni zile chembe za ngozi zilizokuwa zimetambaa usiku kucha. Kila aliyewahi kung'oa kitambaa kikavu kwa nguvu amebomoa kazi ya siku mbili kwa sekunde moja.

Chini yake kuna utando wa manjano uliochanganyika na kijivu. Huo ni nyama iliyokufa, na madamu upo, kundi la wasafishaji haliondoki. Muuguzi anauosha na kuukata kidogo kidogo. Hauumi, kwa kuwa umekufa. Kisha anachovya kompresi kwenye Dakin, ile chupa yenye harufu ya bwawa la kuogelea. Ni dawa ya vita: mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza, mkemia Mwingereza Henry Dakin na daktari Mfaransa Alexis Carrel waliisafishia vidonda vya askari huko Compiègne, Ufaransa. Ni ndugu wa Javel ya kufulia, lakini imezimuliwa na kupimwa. Javel ya dukani usiimwage kwenye mwili wa mtu. Na Dakin yenyewe ina wakati wake. Inafaa siku za usaha na harufu. Nyama ikishakuwa nyekundu, inaua wajenzi pamoja na bakteria, kwa hiyo inaachwa.

Halafu lile jua. Hapa watu wazima wengi wataninunia, kwa sababu tumelelewa tukiambiwa kidonda kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa London alifanya jaribio kwa nguruwe, ambao ngozi yao inafanana sana na yetu. Aliwatia majeraha madogo yanayolingana, mengine akayaacha wazi yakauke na kufanya gamba, mengine akayafunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki ili yabaki na unyevu. Yaliyofunikwa yalifunga kwa takriban nusu ya muda. Chini ya gamba kavu chembe za ngozi hulazimika kuchimba njia kwenda chini zikitafuta mahali penye majimaji. Penye unyevu zinateleza moja kwa moja. Kutokana na nguruwe hao ndipo vilipozaliwa vitambaa vya kisasa vinavyouzwa ghali, vya sponji, vya jeli, vya mwani. Karibu vyote vinatafuta jambo moja: unyevu wa kadiri. Kidonda kisikauke, na kisiogelee pia, maana maji mengi ya kidonda sugu yamejaa vile vimeng'enya na hulainisha ngozi nzima ya pembeni mpaka ikabambuka.

Kisangani vitambaa hivyo ni adimu, lakini unyevu wa kadiri haukuzaliwa dukani. Gazi iliyopakwa vaselini haigandi. Asali inafanya makubwa: ina maji machache, hivyo huyanyonya ya kidonda na kuwakausha bakteria, ina uchachu, na ikizimuliwa na maji ya kidonda, kimeng'enya kilichoachwa humo na nyuki hutoa polepole kiasi kidogo cha maji ya oksijeni, yale yanayotoa povu. Asali ya hospitali hupigwa miale kuua vijidudu. Ile ya chupa ya soko huenda ikawa na mchanga, nyuki na maji ya mto, ile mnywe na chai.

Hata sukari ya kawaida imo. Moses Murandu alikulia kijijini Zimbabwe, na utotoni alipoumia baba yake alimwekea chumvi kwenye jeraha; siku za neema, sukari, ambayo haikuchoma sana. Mwaka 1997 alihamia Uingereza kufanya kazi ya uuguzi, akashangaa kwamba hakuna anayeitumia. Wenzake walimtazama kwa mashaka. Akaifanyia utafiti katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton, akionyesha kwamba sukari ikijazwa kwenye kidonda hunyonya maji yote ambayo bakteria wanayahitaji ili kuzaliana. Na Gambia, kwenye hospitali ya Royal Victoria mjini Banjul, wauguzi waliponda papai na kulipaka kila siku kwenye majeraha ya moto ya watoto, kwa kuwa kimeng'enya cha papai huyeyusha nyama iliyokufa kikaiacha iliyo nzima. Mipapai tunayo kila ua. Lakini kumbukeni, wale wauguzi walikuwa wakiosha, wakibadilisha kila siku na kuangalia; tofauti yao na majivu ya koko ni hiyo, zaidi ya papai lenyewe. Majivu na dawa ya meno hukauka na kuchoma. Unga wa kapsuli hukaa juu kama tope, haufiki kwa bakteria walio chini ya utando, na unawafundisha walio karibu kuizoea dawa.

Mvulana alipewa dawa ya kumeza, akachomwa sindano ya pepopunda kwa sababu hakuna aliyekumbuka chanjo yake ya mwisho, na mguu ukafungwa kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Koko aliambiwa samaki wawili kati ya wale wa kuuza wabaki nyumbani. Akasema, "Dokta, wewe ndiye utakayenilipa hao samaki?" Muuguzi akacheka, lakini hakuibadilisha dawa.

Kila Jumatatu muuguzi aliweka kipande cha plastiki safi juu ya kidonda na kuchora ukingo wake kwa kalamu, akaandika tarehe. Kwa macho tu mtu hujidanganya, mchoro haudanganyi. Wiki mbili za mwanzo mchoro ulikuwa mkubwa zaidi, kwa vile nyama iliyokufa ilikuwa imeondolewa, na koko akataka kumhamisha mtoto. Wiki ya tatu ukalingana na wa kwanza. Wiki ya tano pembeni ilionekana mikanda myembamba ya ngozi mpya. Kama ukingo ungebaki umeinuka na mgumu, na kidonda kingekuwa cha miaka badala ya miezi, muuguzi angekata kipande kidogo cha kupima, kwa sababu kidonda kilichozeeka sana huweza kugeuka saratani.

Mtaniuliza, je, kikishafunga kimekwisha? Ndiyo, na hapana. Mwaka 1740 manahodha wa Kiingereza chini ya George Anson walianza safari ya kuizunguka dunia, na mabaharia wakakaa miezi bila tunda wala mboga. Kati yao alikuwapo mzee aliyejeruhiwa miaka 50 nyuma, katika vita vya mto Boyne huko Ireland. Makovu yake yalikuwa yamefunga tangu ujana, na baharini yakafumuka upya, kama hayajapata kupona. Kilichokosekana ni vitamini C, ambayo bila hiyo kolajeni haifumwi. Kumbe kovu halikai tu pale; kila siku nyuzi kuukuu huondolewa na mpya huwekwa, maisha yote. Kwa hiyo muuguzi alipomruhusu mvulana kurudi mtoni alimwekea masharti: muundi ufungwe kitambaa kinene kila anapopanda kwenye nguzo, miezi sita; na mapera ya jirani, yale anayoyaiba, aendelee kuyala, ila aombe kwanza.